Abiria wa Chini ya Sakafu

Boti ililetwa Pasua kwa Kenta ya vitunguu,
imelala kifudifudi, mkia nje,
watoto wa shule wakiikimbiza, wakiuliza
bahari iko wapi.
Nakijwa akateremka, kanga imejaa vumbi la Kifaru.
"Mashine imekuwa mvivu," akasema.
"Zamani lita tatu zilitufikisha kwenye nyavu,
sasa sita, na bado maji yanachungulia ukingoni.
Vijana wangu wananong'ona kwamba ni mimi niliyenenepa."

Mimi ni fundi wa matenki na bampa.
Bwawani nimefika mara moja, kwenye msiba,
na sikukanyaga maji.
Lakini faiba ni faiba. Nikaigonga sakafu kwa kifundo cha kidole.
Haikulia. Ilimeza.

Nikakata. Lile povu la kiwandani,
lililowekwa humo ili boti isizame,
lilikuwa limelewa.
Rangi ya ugali wa juzi, harufu ya perege.
Ukilibonyeza, Nyumba ya Mungu yote
inakutiririkia hadi kwenye kiwiko.
Mkunde alichimba kwa tindo, kisha kwa panga,
kisha kwa mwiko wa mama yake, siku mbili,
na kila gunia tulilipeleka kwa jirani
mwenye mizani ya kahawa.
Kilo tisini na sita.
"Mtu mzima na mbuzi wake," jirani akasema.
Nakijwa aliposikia, alicheka mpaka salio likakata:
"Miaka tisa nampakia bure huyo abiria!"

Povu jipya, la kumimina, linatoka Dar kwa madumu mawili.
Bei yake sikuitaja mara ya pili.
Tulinunua la kujaza pua tu:
maji haya na maji yale, koroga, hesabu ishirini,
linaumuka kama mbege iliyosahauliwa juani,
linapanda, linatafuta pembe,
linakauka likilia tiki, tiki.
Kwa tumbo lote lililobaki
nikamwita Kiwelu, mpagazi.

Alileta chupa, magunia manne,
zile zilizokatazwa mlimani na bado zinaokotwa,
vifuniko vimekazwa huko huko Barafu.
Zote zilikuwa zimebonyea, mashavu ndani.
Nikadhani zimekanyagwa.
"Hapana," akasema, "hiyo ni hewa ya kule.
Nyepesi. Ikishuka, hii ya Moshi inaielemea."
Akafungua moja sikioni mwangu:
fyuu, ikavuta pumzi, ikanyooka.

Basi tukakaa watatu kwenye vibao,
tukifungua, tukisubiri, tukifunga,
chupa mia sita na kitu,
kila moja ikinywa hewa ya Pasua
yenye pumba za mpunga na moshi wa welda.
Mkunde akapaka gundi vifunikoni,
akazifunga kumi kumi kwa vipande vya nyavu.
Nikarudisha sakafu, nikapaka faiba,
mikono ikiniwasha hadi usiku wa manane.

Jumapili, bwawani, Nakijwa hakutaka maelezo.
Alisukuma boti hadi kwenye kina, akachomoa kizibo mwenyewe.
Maji yakaingia, yakafika vifundoni, yakafika magotini,
vijana ufukoni wameshika vichwa,
boti ikashuka, ikashuka,
ikafika mahali, ikagoma.
Amesimama katikati ya bwawa,
ndani ya boti iliyojaa bwawa,
wala hazami.
"Haya," akawapigia kelele, "mnene ni nani?"

Sikumwambia habari za chupa moja, ya mbele kabisa.
Mkunde alikataa kuifungua, hakusema kwa nini.
Imo humo gizani, mashavu ndani,
chini ya nyayo zenye magamba ya samaki,
imebana pumzi yake ya Barafu.